Kinasa Kilichoingia Kwaya ya Kimali

"Nipe simu yako nikurushie kitabu cha nyimbo," Deogratias alimwambia mkewe.

Kwandu alikuwa amechuchumaa mbele ya mafiga, anapulizia kuni zilizokataa kuwaka. Bila kugeuka, alijibu kwamba simu iko juu ya gunia la pamba, ila bando limekwisha.

"Haihitaji bando. Inatoka kwenye yangu inaingia kwenye yako. Hata hapa kwetu ambapo intaneti haishiki, inaingia."

"Basi nirushie. Umefanya vizuri sana, Deo. Mwalimu alisema kila mwimbaji awe nacho."

Aliposikia neno mwalimu, Deo alikunja uso. Bahati yake mkewe alikuwa bado anapuliza moto.

Deo alifanya kazi Mwanhuzi, kwenye kiwanda cha kuchambulia pamba, na nyumbani Kimali alirudi kila mwisho wa wiki. Huko kiwandani mtu mmoja wa kijijini kwao alimwambia, huku akicheka, kwamba kwaya ya Kimali imepata mwalimu kijana kutoka Bariadi mjini. Anaitwa Luhende, anapiga kinanda, anavaa viatu vya kung'aa hata kwenye vumbi. Akaongeza kwamba wenzake wote wakiimba wanaangalia karatasi, lakini Kwandu anamwangalia mwalimu.

Tangu siku hiyo Deo hakuwa na raha. Akipiga simu nyumbani akaambiwa inatumika, alimwona Luhende na viatu vyake. Kwandu akicheka kidogo kwenye simu, alijiuliza anacheka na nani.

Mfanyakazi mwenzake, Masele, alimwonea huruma kwa namna yake. Alikuwa na programu inayoitwa Kinasa. Ikishawekwa kwenye simu, inarekodi kila maongezi na kuyahifadhi humo humo, bila mwenye simu kujua. Ukitaka kuyasikia, unazikutanisha tena simu mbili na kuyavuta, bila mtandao.

"Nilimwekea mke wangu," Masele alisema. "Ila siku hizi sisikilizi."

"Kwa nini?"

"Nilisikia mama mkwe anavyonisema. Siku hizi nikienda kwao hata chakula hakipiti."

Deo hakucheka. Alisogeza simu yake, Masele akamrushia.

Ndiyo maana siku ile, Kwandu akiwa jikoni, kilichoingia kwenye simu yake hakikuwa kitabu cha nyimbo peke yake. Deo alivituma vyote viwili, akakubali kila kilichoulizwa na simu, akaifuta kioo kwa shati lake na kuirudisha juu ya gunia.

Kwandu alimletea michembe ya viazi vitamu vilivyokaushwa na karanga. Vile vipande vikubwa alikuwa amemwekea yeye, vilivyovunjika akajiwekea mwenyewe. Deo alikula bila kuliona hilo.

Wiki hiyo alituma ujumbe kila alipopata nafasi.

"Uko wapi?"

"Shambani, navuna," Kwandu alijibu.

"Mbona simu ilikuwa inatumika?"

"Nilikuwa naongea na Mayu. Umekula?"

Hakujibu kama amekula. Mayu ni mama yake Deo, anayeishi peke yake Mwamapalala na miguu inayomsumbua. Deo alijisemea kwamba mwanamke akitaka kuficha, jina la mama mkwe ndilo la kwanza kulitumia.

Siku moja, baada ya mazoezi ya kwaya, Salu na Elina walimwomba Kwandu awarushie na wao kitabu cha nyimbo, maana bando hawana na mtandao wa kwenda kukitafuta haupo. Kwandu hajawahi kumnyima mtu kitu. Walikaa kwenye benchi la kanisa, akafungua orodha, akakuta kitabu kipo juu na pembeni yake kipo kitu kingine kilichoingia siku ile ile, chenye picha ya kipaza sauti. Akadhani hizo ndizo sauti za nyimbo, ya kwanza na ya pili. Akavichagua vyote, akawarushia wenzake, nao wakakubali kila kilichoulizwa na simu zao. Salu aliyekuwa na maji ya kunywa akamgawia, wakaagana vizuri.

Deo aliporudi mwisho wa wiki, alisubiri mkewe aende kisimani. Akaikuta simu kwenye mkeka, akaisogeza karibu na yake, akavuta maongezi yote. Kisha akaenda nyuma ya zizi, akakaa kwenye gogo na kuweka simu sikioni.

Ya kwanza ilikuwa ni sauti yake mwenyewe. Hakuitambua mara moja. Alidhani ni mtu anayemdai Kwandu kitu.

"Uko wapi? Nani huyo anaongea hapo?"

"Ni redio, Deo. Umeshindaje?"

"Nakuuliza ni nani."

Halafu simu ilikatwa. Aliyekata ni yeye.

Ya pili ilikuwa ni Mayu. Kumbe kweli alikuwa Mayu.

"Mwadila, mayu," Kwandu alimsalimia kwa Kisukuma. "Miguu inasemaje leo?"

"Inauma kidogo, mwanangu. Huyo mtoto wangu mzima? Simsikii."

"Mzima kabisa. Kila siku ananiuliza habari zako. Ile dawa ya kupaka niliyokuletea ni yeye aliyeinunua. Kazi ya kiwandani ndiyo inambana."

"Namshukuru. Mwambie namwombea."

Deo aliisimamisha. Hakuwa amenunua dawa yoyote. Hata hakujua kama ipo. Alikaa akitazama ng'ombe wakicheua, kisha akaendelea, kwa sababu wivu haukuwa umemwachia.

Ya tatu ilikuwa ni Luhende.

"Bariadi kuna kwaya kubwa, Kwandu. Chumba nimekutafutia. Wewe siyo mtu wa kubaki Kimali unachota maji kwa mtu asiyekuona."

Deo alisikia jogoo akiwika ndani ya ile simu, jogoo wa hapa hapa kwake.

"Mwalimu, mimi nina mume."

"Akikupigia anakuuliza nini?"

"Ananiuliza niko wapi."

"Na mimi huwa nakuuliza nini?"

"Kama nimechoka." Kwandu alivuta pumzi. "Hicho ndicho kinachonisumbua. Nipe nafasi nifikirie. Nitakujibu Jumapili."

Kesho yake ilikuwa Jumapili.

Deo alisimama. Alitaka kwenda kisimani akamvute mkewe kwa mkono mpaka nyumbani. Alitaka kumpigia Luhende amtukane mpaka simu iishe chaji. Hakufanya hata moja, kwa sababu alisikia watu wanaingia uani.

Walikuwa ni Salu na Elina, na Masunga, mume wa Salu. Kwandu alikuwa ametua ndoo sasa hivi, maji bado yanamchuruzika begani. Salu, pamoja na hasira zake, alichukua ungo akaifunika ile ndoo vizuri vumbi lisiingie, ndipo akaanza kusema.

"Dada Kwandu, ulitutumia nini kwenye simu zetu?"

"Kitabu cha nyimbo."

"Na hiki cha kipaza sauti?"

Masunga ndiye aliyeeleza. Alichukua simu ya mkewe ili awashe tochi, akagusa ile picha ya kipaza sauti, akakuta sauti za mkewe zimejaa humo. Akasikiliza. Salu alikuwa anamwambia dada yake kwamba mume wake anakoroma kama trekta la kukodi, na kwamba siku akisafiri yeye ndiyo analala.

"Nimeishi na huyu miaka yote najua tunapendana," Masunga alisema. "Kumbe ananivumilia."

"Kuvumilia ndiko kupenda kwenyewe, hujui tu," Salu alimjibu, kisha akamgeukia Kwandu tena. "Mimi yangu ni ya kuchekesha. Mume wa Elina naye alisikiliza, na tangu jana hawaongei. Mwanakwaya mzima unatuwekea kitu cha kutusikiliza? Unataka habari zetu za nini? Mwalimu akijua, kwaya inakufa. Kesho tunalisema mbele ya wote."

Elina alikuwa analia tu, anajifutia kwa ncha ya khanga.

Kwandu alichukua simu yake. Akafungua ile sehemu inayoonyesha vitu vilivyopokelewa na vilipotoka. Deo, akiwa kwenye kona ya nyumba, aliona kidole cha mkewe kikisimama juu ya kioo. Pale palikuwa na picha ya kipaza sauti, na mbele yake jina la simu iliyokirusha, ambalo yeye mwenyewe aliliandika siku aliyoinunua: Deo wa Kimali.

Kwandu aliinua macho. Akamtazama mumewe. Akajua.

Deo alijua pia kwamba amejulikana, akasubiri atajwe. Mkewe alikuwa na haki hiyo, na ushahidi ulikuwa mkononi mwake.

"Ni mimi," Kwandu alisema, akiwatazama wale wanawake. "Nilikipata mahali nikadhani ni sauti za nyimbo. Elina, mdogo wangu, nisamehe. Mume wangu hajui lolote katika hili. Kesho nitasimama mwenyewe mbele ya kwaya niombe radhi."

Ilikuwa sauti ile ile aliyomwambia nayo Mayu kuhusu dawa. Haikutetemeka. Deo alikuwa ameisikia sasa hivi nyuma ya zizi ikimfunika kwa mama yake, na hapa inamfunika tena, mchana kweupe, yeye amesimama anaangalia.

Alitoka pale kwenye kona.

"Shemeji Salu, anakudanganya," alisema. "Ni mimi."

"Deo, acha," Kwandu alimwambia taratibu.

"Siachi. Nilikiweka mimi kwenye simu yake nikamwambia ni kitabu cha nyimbo. Nilitaka kumsikiliza yeye. Ninyi mmeponzeka bure tu. Elina, nitakuja kwenu mwenyewe nimweleze mume wako, anitukane mimi."

Masunga alikuwa amekuja na maneno mengi, lakini alichosema ni kimoja.

"Na umesikia nini?"

"Nimeisikia sauti yangu mwenyewe," Deo alijibu.

Hakuna aliyemcheka. Alizichukua simu zao moja moja na kuitoa ile programu wakiangalia, na sauti zote akazifuta. Elina alipoondoka alimshika Kwandu mkono, akaushikilia kidogo kabla ya kuuachia. Salu alimwambia mumewe kwamba leo watalala vyumba tofauti, ili mmoja wao apumzike.

Walipobaki wawili, Kwandu alikaa kwenye kinu kilicholazwa. Hakupandisha sauti.

"Umesikiliza mpaka wapi?"

"Mpaka Jumapili."

"Basi unajua kila kitu. Sina cha kukuficha." Alifungua khanga, akaifunga tena. "Uliniona mwizi ukaniwekea mtego ndani ya nyumba yangu. Na ulichokiogopa kilikuwa bado hakijawa, Deo. Kilikuwa kinatafuta njia tu. Wewe ndiye uliyekuwa unaichimba."

"Unaenda?"

"Sijui. Nilikuwa nataka nijue mwenyewe, kwa nafasi yangu. Na hiyo nafasi nayo umeiingia na viatu."

Deo alisema amekosa. Alisema na dawa ya Mayu ameisikia. Kwandu akajibu kwamba ile hakuifanya kwa ajili yake. Aliifanya kwa sababu mama anayeuliza habari za mwanawe hapaswi kujibiwa kwa ukimya.

Asubuhi Kwandu hakwenda kanisani. Alikaa mlangoni na simu mapajani. Deo alikuwa uani, na mwili wake wote ulikuwa umegeuka masikio. Alipoona mkewe ameinua simu na kutafuta jina, alijua ni nani anayepigiwa. Ukuta wa nyumba yao ni wa udongo, ukisimama nyuma yake unasikia hata mtu akimeza mate. Zamu hii asingehitaji Kinasa.

Alichukua fimbo, akafungua zizi, akawaswaga ng'ombe kuelekea lamboni. Nyuma alisikia Kwandu akisema, "Mwalimu, habari za asubuhi." Akaongeza mwendo. Akawapigia ng'ombe mluzi kwa nguvu kuliko ilivyohitajika, akaendelea kupiga mluzi mpaka alipokuwa na uhakika kwamba hata akinyamaza hatasikia kitu.

Ng'ombe walikunywa. Alitamani kurudi, hakurudi. Alimpigia mama yake. Alimweleza kwamba dawa haikununuliwa na yeye, na kwamba hakuwa akiuliza habari zake. Mayu akasema alikuwa anajua tangu zamani, ila alipenda kusikia mkwe wake anavyosema uongo kwa upendo namna ile.

Alipokata simu alimwona Kwandu anakuja kwa njia ya shamba la pamba, bila ndoo, bila mzigo wowote kichwani. Deo alitafuta usoni mwake, asione kitu. Akajilazimisha kutazama ng'ombe.

Kwandu alisimama kando yake.

"Huulizi?"

"Ninataka kuuliza."

"Mbona uliondoka? Pale ungesikia kila neno."

"Ndiyo maana niliondoka."

Walitazama maji. Ndama mmoja aliingia mpaka tumboni akagoma kutoka.

"Nimemwambia chumba chake akipangishe kwa mwingine," Kwandu alisema. "Nimemwambia nina mume." Alimnyang'anya Deo fimbo mkononi, akaingia majini kumtoa yule ndama, na akiwa huko, amempa mgongo, akamalizia: "Nimesema uongo mwingi kwa ajili yako, Deo. Hili la kwamba nina mume usilifanye liwe mmoja wao."

Deo alivua viatu, akamfuata ndani ya maji.