Msikilizaji wa Saa Kumi

Kati ya kipande cha pili na cha tatu, mtu alimeza.

Shangazi alirudisha rekodi nyuma, akasikiliza tena. Piano inatulia, mwangwi wake unafifia, halafu koo la mtu linateremsha kitu, polepole, kama anayemeza tonge kubwa kuliko kinywa chake. Kisha piano inaendelea.

"Umesikia?" alimwuliza fundi mitambo.

Fundi mitambo waliyemwita Waya, kwa wembamba wake na kwa sababu hakuwahi kuonekana bila waya shingoni, alivaa hedifoni akainamia kompyuta. Sauti zilijichora pale kiooni kama milima na mabonde. Mahali alipoonyeshwa palikuwa na mstari mnyoofu.

"Hapa hapana kitu, Shangazi. Kimya kitupu."

"Basi," alisema Shangazi, akaandika daftarini: *Piano. Nzuri. Waanzie dakika ya tano.*

Hakuogopa. Mtu mwingine angeogopa, angalau kidogo.

Hakuwa shangazi wa mtu yeyote pale redioni. Jina alipewa na wasikilizaji. Kwa miaka kumi na moja, kila Jumamosi saa kumi alasiri, aliketi katika chumba kile kisicho na dirisha, kuta zimevikwa sponji, akapendekeza rekodi tatu mpya za muziki wa klasiki. Wengi waliomsikiliza hawakuwahi kuiona kwa macho selo, ile fidla kubwa inayoshikwa kati ya magoti, na baadhi yao walidhani okestra ni jina la ugonjwa, lakini walimwamini. Hakuwatupia majina makubwa. Aliwaambia, "Hii itafuteni, msikilize mkipiga pasi. Mkifika dakika ya nne fidla zinanyamaza zote, hapo weka pasi chini usije ukaunguza shati." Na mashati mengi yaliungua.

Mumewe alikuwa mpiga selo. Alikuwa amekufa miezi minne nyuma, kwa moyo, kwenye ngazi za nyumba yao, mfuko wa vitunguu mkononi. Wiki sita baada ya mazishi, bahasha ilifika studio: rekodi yake ya mwisho, selo peke yake, ambayo watengenezaji walikuwa wameikamilisha bila yeye. Shangazi alifunga mlango akaisikiliza. Kabla ya kila mvuto wa upinde alimsikia mumewe akivuta pumzi puani, vilevile alivyovuta kabla ya kusema jambo zito mezani. Ilipofika dakika ya tatu aliinamisha kichwa juu ya meza, akasema kwa sauti, katika chumba kisicho na mtu:

"Yeyote anayesikia, niondolee hili. Siliwezi."

Likaondoka. Liliondoka kama mtu anapokupokea mzigo kichwani ukiwa katikati ya mlima. Harufu ya ulimbo, ule wanaousugua kwenye upinde, ilijaa chumbani, ikamzunguka, ikatulia. Selo ilipiga mpaka mwisho, naye akaisikiliza kama mtu anayesikiliza utabiri wa hali ya hewa wa mji asiokwenda. Jumamosi ile aliipendekeza hewani kwa sauti tulivu kuliko siku zote. "Mwenye msiba na aisikilize," alisema. "Inapoza."

"Umempendekeza baba kama sabuni," binti yake alimwambia aliporudi nyumbani. Binti alikuwa na miaka kumi na saba, na marehemu alimwita Chiriku kwa sababu hakujua kunyamaza hata akiwa na chakula mdomoni. "Hata sauti haikutetemeka, mama."

"Nilikuwa kazini, mwanangu."

"Na sasa? Sasa uko kazini?"

Chiriku alijifungia bafuni akalia, na mama yake akasimama nje ya mlango ameshika taulo, akiwaza tu kwamba kesho kuna nguo za kufua. Wahenga walisema mwenye kovu usidhani kapoa. Yeye hakuwa na kovu. Alijipapasa ndani, hapa na pale, na hakupata hata mahali ambapo kidonda kilikuwa.

Kumeza kulianza baada ya hapo. Kwanza ile piano. Wiki iliyofuata fidla nne, kila zilipopumzika. Kisha kwaya ya sauti sitini, na katikati ya sauti sitini zilizonyamaza kwa pamoja, koo moja. Kila lilipomeza, muziki uliobaki ulikuwa kama nyama iliyochemshwa mara tatu: ipo, unaitafuna, haina ladha. Shangazi aliendelea kupendekeza. Ujuzi wake haukuondoka. Alijua dakika ipi, ala ipi, wapi pa kufumba macho. Kamwe hakuwahi kuwa hodari namna ile.

Barua nazo zilimiminika. Wasikilizaji walishukuru. Mmoja alipoteza kaka, akanunua ile rekodi ya selo, tangu siku hiyo analala fofofo. Mwingine aliachwa na mke. Mwingine hakusema ana nini, aliandika tu, *Mungu akubariki Shangazi, sasa nimekuwa kama ukuta.* Mkurugenzi alizibandika barua hizo ubaoni, kwenye korido, watu wote wazione.

Siku ya Jumatano nesi mmoja mstaafu alipiga simu. Alikuwa msikilizaji wa tangu kipindi kianze, mjane, mcheshi, aliyezoea kumtania Shangazi kwamba atamtafutia mume mwenye gitaa. Siku hiyo hakutania.

"Shangazi, nina jambo. Si la haraka."

"Sema, mama."

"Jana mjukuu wangu alibanwa vidole na mlango. Vitatu. Alipiga yowe mpaka jirani akaja mbio. Mimi nilikuwa palepale, nakunja nguo. Nikaendelea kukunja. Miaka thelathini na mbili wodini, Shangazi. Nilimtazama kama mtu anavyotazama mvua."

"Mtoto yukoje?"

"Jirani alimpeleka hospitali. Vidole vitapona. Lakini hanikaribii tena." Sauti yake ilikuwa tambarare, kama ya mtu anayesoma orodha. "Siogopi. Nakupigia kwa sababu najua ilinipasa kuogopa. Nikafikiria, tangu lini? Nikakuta ni tangu ile selo."

Shangazi alishukuru, akakata simu, akabaki ameushika mkono wa simu. Hata yeye alijua ilimpasa kuogopa. Alilijua hilo kama anavyojua tarehe. Lakini kwa kuwa bado alikuwa mtu wa kazi, na kwa kuwa rekodi aliyoipendekeza ilikuwa na kasoro, aliingia studio kuitafuta kasoro.

Ilikuwa saa kumi kamili. Waya alikuwa chumba cha mitambo, upande wa pili wa kioo. Shangazi alivaa hedifoni, akaiweka rekodi ya mumewe, na harufu ya ulimbo ikaja hata kabla ya sauti, ila sasa ilikuwa imechacha, ulimbo uliochanganyika na maji ya chombo cha maua yaliyosahauliwa. Mumewe alivuta pumzi. Upinde ukagusa. Kwenye kimya cha kwanza kitu kilimeza upande wa sikio la kushoto, na kwenye kimya cha pili kikameza upande wa kulia, karibu zaidi, na alipozivua hedifoni akaziweka mezani aone kama kitabaki humo ndani, kiliendelea kumeza chumbani, katika hewa ile isiyo na dirisha, mara mgongoni, mara chini ya meza kwenye magoti yake, mara karibu na taya kiasi cha kusikia unyevu wa ulimi, na selo ikazidi kuwa ndogo, ndogo, kama mtu anayeburutwa kwenye korido ndefu huku akiita, naye Shangazi amekaa wima, mikono juu ya mapaja, anasubiri hofu imfikie, haimfikii, mpaka alipoinua macho akamwona Waya upande wa pili wa kioo amesimama, mdomo wazi, kidole kimeelekezwa kwenye shingo ya Shangazi.

Alijigusa kooni. Koo lilikuwa likipanda na kushuka, likipanda na kushuka, lenyewe, bila yeye.

Waya aliufungua mlango lakini hakuingia. "Shangazi," alinong'ona, "ni wewe. Ni wewe unayemeza."

"Naona."

"Nyamaza basi. Usiseme kitu hapa ndani." Alikuwa anatetemeka kwa niaba ya wote wawili. "Mama yangu mkubwa anatibu mambo haya. Twende. Twende hivihivi, acha mkoba."

Mama mkubwa wa Waya aliishi ghorofa ya tatu, na kwa siku za kawaida alishona sare za shule. Mwanamke mnene, miwani imefungwa kwa uzi, sindano mbili zimechomekwa kifuani. Alimtazama mgonjwa kuanzia miguuni.

"Kaa. Si hapo, hapo pa paka." Alisogeza cherehani, akawasha ubani kwenye kopo, akamfunika Shangazi kichwa kwa kitambaa cheupe ambacho hakijakatwa. "Wewe mtoto, kaa mlangoni. Ukicheka nakutoa."

"Nani atacheka, mama mkubwa?"

Moshi uliingia chini ya kitambaa. Muda ulipita. Kisha Shangazi akasikia kinywa chake kikisema, kwa sauti ile ya Jumamosi, ya upole, iliyowafanya watu waunguze mashati:

"Karibu, msikilizaji."

"Wewe nani?" aliuliza mama mkubwa.

"Msikilizaji."

"Nani kakuleta?"

"Yeye. Alisema, yeyote anayesikia. Nikasikia."

"Umechukua nini kwake?"

"Alichoniambia nikiondoe. Kilikuwa kitamu." Kinywa kilitabasamu, Shangazi aliyahisi mashavu yakivutika. "Na wengine wakaja wenyewe. Aliwaambia inapoza."

"Toka."

"Aliyenikaribisha ni yeye. Aniage yeye."

Mama mkubwa aliinua kitambaa, akamkazia macho. "Umesikia. Jini la kuvamia ningelitoa kwa fimbo. La kukaribishwa siliwezi. Omba ulichompa kirudi. Kwa kinywa chako mwenyewe."

Tangu siku ile ya selo Shangazi alikuwa akilala usiku kucha. Alikuwa akila, akifika kazini mapema, akipita kwenye zile ngazi na vitu vya sokoni mkononi bila kukanyaga kwa uangalifu.

"Kikirudi kitauma?"

"Kitauma. Mimi sidanganyi watu, nashona nguo."

"Na nikikiacha?"

"Utaishi, mwanangu. Utaishi vizuri tu. Siku mwanao akianguka mbele yako, utamruka upite."

Shangazi alijaribu kuliona hilo. Alimweka Chiriku chini, kwenye ngazi, uso umegeuka. Akajiona mwenyewe akija, akiinua mguu. Mguu uliinuka kirahisi mno. Hakuhisi kitu, lakini alijua, kama anavyojua tarehe, kwamba mwanamke yule anayeinua mguu hafai.

"Nirudishie msiba wangu," alisema.

Ukarudi wote kwa pamoja. Haukurudi kama maji, ulirudi kama mume: uzito wake kitandani, kikohozi chake, vitunguu vikibingirika ngazi moja baada ya nyingine, mkono aliouinua akiwa ameshalala chini kana kwamba anaomba radhi kwa kuchelewesha chakula, pumzi ile ya puani, na siku zote ambazo hakumlilia zikidai kila moja kilio chake, mpaka Shangazi akaanguka juu ya sare za watoto wa watu akalia kwa sauti ambayo hakuijua, na Waya kule mlangoni akalia naye, na paka akakimbia. Ubani ulizimika wenyewe.

Alipoweza kusema, aliuliza, "Na wasikilizaji wangu?"

Mama mkubwa alikuwa akimfuta uso kwa pindo la gauni. "Kwako katoka. Kwa wengine, kila mtu atamuaga mgeni wake mwenyewe. Kila nyumba ina mlango wake."

Shangazi alikwenda nyumbani kwa miguu, analia njia nzima, watu wakimpisha. Alipofika kwenye ngazi alishindwa kupanda. Alizipanda kwa magoti, akizigusa moja moja. Alitaka kumshika mtoto wake. Alikuwa na radhi ya miezi mitatu ya kumwomba, na alijua kwamba Chiriku atamfokea, atamsukuma, kisha watalia pamoja mpaka wachoke, na hilo ndilo alilolitaka kuliko kitu chochote duniani.

Chiriku alikuwa mezani, kitabu wazi mbele yake. Alimwona mama yake mlangoni, akachomoa kifaa cha sikioni, kimoja.

"Umeumia?" aliuliza.

"Baba yako," alisema Shangazi. "Mwanangu, baba yako."

"Ndiyo. Alikufa." Uso wake ulikuwa mkavu na safi, kama uliooshwa. "Mama, nilikudhania vibaya, samahani. Leo ulipotoka nimeisikiliza ile rekodi. Nilitaka kujua uko wapi siku zote hizi, nikufuate hukohuko. Ilikuwa inauma, nikaomba isiume. Ulisema kweli. Inapoza."

Shangazi alipiga magoti, akamshika viganja vyote viwili. "Sema unataka irudi. Maneno mawili tu, Chiriku. Sema irudi."

"Kwa nini?"

Shangazi alifungua kinywa kumpa sababu. Alikuwa nazo nyingi, lakini kila aliyoishika ilitoka ikiwa yowe. Chiriku alimngoja amalize. Alingoja kwa adabu, bila haraka, na alipoona hamalizi alimvutia kiti.

"Kaa, mama, utachoka," alisema, akakirudisha kifaa sikioni, akatafuta mstari alioishia.