Ubeti wa Bi Mwanasiti

Rafiki yangu Munira, wa Utende, si mzushi. Haya alinisimulia huku analia kwa hasira.

Alikuwa akiandika kwenye kompyuta nota za kasida za kina mama wa kisiwa cha Juani. Kila mwimbaji alikuwa na mistari yake mitano ya kuandikia nota, mmoja chini ya mwenzake. Kabla kazi haijaisha, Bi Mwanasiti, mmoja wa waimbaji hao, akafariki. Desturi yao, wakifika ubeti wa marehemu hunyamaza wote, mpaka arobaini ipite.

Mgeni aliyempa Munira kibarua hicho, cha kitabu chake, akasema, "Huyo mfute, ukurasa umejaa." Munira aijua desturi kuliko mimi, lakini akamfuta, siku ya tisa tu ya msiba.

Mistari iliyobaki haikusogeleana. Palibaki pengo. Akaivuta ya chini, alipoiachia ikarudi. Akaandika sifuri kwenye kipimo cha nafasi kati ya mistari, pengo lilelile.

Alasiri hiyo mvua ilitia giza, umeme ukakatika, ikabaki betri. Akabonyeza asikilize kasida. Vinanda vya mashine vikapiga mpaka ubeti wa tatu, ubeti wa Bi Mwanasiti, vikanyamaza vyote. Mtu akakohoa mara mbili, kama alivyozoea bibi kabla ya kuimba.

"Nisamehe, bibi," Munira akasema.

Betri ikaisha, kioo kikazima. Humo gizani, karibu na sikio lake, mtu akavuta pumzi ndefu, ya kuanzia ubeti.

Kitabu kimeshatoka, kina jina la mgeni peke yake. Ile pumzi Munira bado hajaisikia ikitoka.