Meza Yenye Haikupanguswa

SAA TATU ASUBUHI. KATUBA, LUBUMBASHI.

Chumba cha nyuma, salon ya Gaëlle. Bantu batatu juu ya bidon: Zéphirin, Gaëlle na Damien. Upande wa mbele ma-séchoir yalikuwa yananguruma juu ya bichwa ya bamama. Muzuri. Kelele ile njo ilikuwa ukuta wao.

Zéphirin alikuwa mukubwa wa kikundi. Shingo fupi, cheko fupi. Alichora chini kwa chaki: nyumba moja kubwa, ndani yake vyumba.

"Hii serveur iko kwa patron wa Damien. Ni moja tu. Lakini programu inaikata-kata: kila client anapewa mashine yake ndani ya mashine, machine virtuelle. Hapa, dépôt, gala ya cobalt. Hapa pembeni, yetu. Gaëlle aliikodi kwa jina la salon."

"Salon ya nywele na serveur?" Damien aliuliza.

"Niko na rendez-vous mingi," Gaëlle alijibu. Alisoma informatique mpaka diplome. Kazi alikosa, akasuka nywele. Vidole hazikusahau kitu.

Akachukua chaki. "Vyumba vyote vinatumia processeur moja, ubongo wa mashine. Na yeye iko sawa mama wa unga ku soko. Haujafungua kinywa, anaanza kukupimia, juu anawaza anajua utaomba nini. Akikosea, anarudisha mu mufuko. Lakini vumbi ya unga inabaki juu ya meza. Mi njo client wa nyuma yako. Ninasoma vumbi."

"Na mu vumbi kuko nini?"

"Ufunguo wa siri wa Mama Domitille."

Mama Domitille, chef wa dépôt. Ufunguo ule njo unasaini ruhusa ya camion kutoka, mu mashine, na barrière inafunguka. Camions mbili za Mwansa, mwenzao wa ine, zilikuwa zimejaa cobalt, zinangojea saini tu.

"Shida moja," Zéphirin alisema. "Meza inapanguswa. Kila mara programu inapotoka kwa client mumoja kwenda kwa mwingine, inapangusa kwanza. Njo kizuizi. Nani anaweza kuikataza?"

Balimwangalia Damien. Technicien.

Damien akaangalia viatu vyake. Mama Domitille njo alimushika mukono, siku ya kuomba kazi, mpaka mulango ya patron: "Huyu mutoto, mi ninamujibia." Lakini Zéphirin alikuwa shemeji yake, kaka wa bibi yake. Kila siku ya kula pamoja, alikuwa anamuita "Bwana Washa-Zima", na ukoo yote inacheka mpaka mufupa inakwama mu shingo.

"Na Mama Domitille?"

"Hakuna muntu atamugusa. Unatoa kizuizi, Gaëlle anasoma, unarudisha. Alama hakuna. Bakiuliza, sema haiwezekani." Zéphirin akamupiga bega. "Sivyo, ingénieur?"

Ingénieur. Mara ya kwanza. Kwa neno ile moja, Damien aliuza mama wa bantu.

SAA TANO. CHUMBA CHA SERVEUR.

Aliandikia ma-client: entretien kidogo ya mashine, musamehe. Akasimamisha mashine mbili. Akaingia mu réglages ya programu, akatoa kupangusa. Akawasha tena.

Kidole kimoja. Bunduki hakuna, damu hakuna. Lakini jasho ilimushuka mu chumba yenye baridi sawa frigo.

Adui yake hakuwa polisi. Alikuwa furaha.

Mulango ukafunguka puu! Patron, meno yote inje. "Damien! Ulifanya nini? Dépôt banapiga simu kushukuru, mashine inakimbia sawa mbuzi ameona kisu!"

Njo vile. Muuzaji asipopangusa meza, anauza haraka.

"Nilipunguza... kazi fulani, patron. Sasa ninairudisha."

"Unarudisha nini? Usiguse!" Patron akavuta kiti, akakaa palepale, akaanza kujisifu mu simu kwa client mwingine.

Simu ya Damien ikatetemeka. Gaëlle: *Nimeupata.* Kisha Zéphirin: *Rudisha kizuizi.*

Damien akaangalia patron. Patron akamutikisia kidole.

SAA SABA. Barrière ya dépôt ilifunguka. Camion ya kwanza. Camion ya pili. Saini ya kweli, mwizi wa kweli.

SAA NANE. BUREAU YA PATRON.

Mama Domitille alipanda ngazi na kibuyu cha munkoyo, kinywaji cha mahindi, amekifunika kitambaa. Alikuwa hajajua kitu.

"Eko wapi mutoto wangu? Leo ruhusa zote nimemaliza mapema. Nimekula chakula ingali moto! Miaka ngapi sijaonja bukari ya moto saa ya kazi?" Akamupa kibuyu mbele ya bote. "Kunywa."

Bote balipiga makofi. Patron alipiga kuliko bote. Damien akakunywa. Munkoyo ilikuwa tamu, na njo hapo uchungu wake ulikuwa.

SAA TISA.

Polisi balikuya. Officier Katongo, sauti ndogo, macho makubwa.

"Mama, camions mbili zilitoka na saini yako. Hakuna mwenye aliziagiza."

"Saini ni yangu. Mukono hauko wangu."

Katongo akageuka. "Technicien. Muntu mwingine anaweza kupata ule ufunguo?"

Simu ikatetemeka mu mufuko. Damien hakuhitaji kuisoma.

"Hapana," alisema. "Haiwezekani."

Mama Domitille hakulia. Alimwangalia, akatikisa kichwa polepole. "Kama Damien anasema haiwezekani, basi haiwezekani. Huyu hasemake bongo, hajui uongo. Pengine mi mwenyewe niliacha mashine wazi." Ku mulango akageuka. "Kibuyu changu, ukirudishe kwangu."

Pingu zililia kidogo tu. Sawa vijiko.

SAA KUMI.

Mwansa aliandikia kikundi: *Tuko ku file ya ma-camion, mupaka wa Kasumbalesa. Haisongi.* Wizi wa mbio kuliko wote wa Lubumbashi ulikuwa umesimama, moteur imezimwa, nyuma ya camion-citerne tupu.

Chini, jeep ya polisi ikawashwa, Mama Domitille ndani.

Damien akakamata kibuyu. Akashuka ngazi mbio, akagonga kioo.

"Unataka nini?" Katongo aliuliza.

"Kibuyu cha mama."

"Leta."

Damien hakukitoa. "Ashuke akichukue. Mi nitakaa pa nafasi yake. Nilisema bongo, chef."

Akataja Zéphirin. Akataja salon. Akataja Kasumbalesa.

"Utaonyesha namna gani?"

"Kizuizi hakijarudi. Meza ingali na vumbi. Patron alinikataza kupangusa."

Simu ya Damien ikalia. Katongo akaichukua mu mukono wake, akaifungua sauti yote.

"Ingénieur!" Sauti ya Zéphirin ilijaa jeep yote. "Ulisema vile tulipanga? Ule mama balimubeba?"

Katongo akatoa ufunguo wa pingu.

Mama Domitille akashuka. Akaangalia kibuyu kwanza, kisha Damien. Akainua kitambaa, akachungulia ndani.

"Ulikunywa yote?"

"Yote, mama."

"Mbele ya bantu bote?"

Damien akanyoosha mikono mbele ya pingu.

"Ingia," mama alimwambia. Akamushikia mulango ya jeep, vile alimushikia mulango ya patron siku ile ya kwanza.