Bei ya Mwenye Taa

Lyse akitoka shule alikuwa akianza na vyombo vya mchana, kisha dagaa. Mama yake, Consolate, alianika dagaa kwenye chanja nyuma ya nyumba yao pale Gungu, karibu na ziwa, na ilikuwa kazi ya Lyse kuwageuza na kufukuza kuku. Hapo ndipo alipopata nafasi ya kukaa kwenye kigoda, kuchukua donge la udongo wa mfinyanzi na kuanza kufinyanga.

Hakufinyanga vyungu. Alifinyanga watu wadogo, wasiozidi urefu wa kidole gumba. Mikuki yao ilikuwa njiti za chelewa alizochomoa kwenye ufagio, na taa zao zilikuwa vipande vya karatasi ya kung'aa ya biskuti. Wakishakauka aliwachoma kwenye majivu ya moto, kisha akawapeleka shuleni, kwenye klabu ya michezo ya mezani iliyosimamiwa na Mwalimu Selestini.

Mchezo wenyewe waliutunga wao wanafunzi wa darasa la sita, nao waliuita Vita vya Mwalo, yaani vita vya ufukweni wanakotua wavuvi. Uwanja ulikuwa mfuko wa sandarusi uliopakwa rangi: upande mmoja ziwa, upande mwingine mchanga na mawe. Kila mchezaji alichagua jeshi lake la sanamu. Walipima mwendo kwa uzi wa nyavu uliofungwa mafundo, na pigo liliamuliwa kwa dadu za ludo.

Ili pasiwe na ugomvi, kila sanamu ilikuwa na bei, na jeshi zima halikutakiwa kupita bei ya ishirini. Mamba, aliyeuma vibaya, alikuwa na bei ya nane. Askari wa mkuki alikuwa na bei ya nne. Mwenye taa, ambaye hakuwa na silaha yoyote, alikuwa na bei ya mbili tu. Kazi yake ilikuwa kuinua taa. Akiinua, sanamu moja ya adui iliyokuwa karibu ilivutwa fundo moja kuelekea kwake, na sanamu iliyovutwa haikuruhusiwa kupiga zamu hiyo.

"Huyu wa kushika taa ni wa kujazia tu," Elikana alisema siku walipopanga bei. "Anavuta, halafu anafanya nini? Anaimba?"

Wote walicheka, na Lyse pia. Yeye ndiye aliyepewa kazi ya mpanga bei, kwa kuwa ndiye aliyezifinyanga sanamu na kuzijaribu. Kila Ijumaa Mwalimu Selestini aliuliza kama kuna sanamu yenye nguvu kupita bei yake, na mpanga bei alitakiwa kusema alichokiona. Baada ya hapo klabu nzima ilipiga kura.

Jioni moja, wiki mbili kabla ya fainali ya darasa, Lyse alimwomba mama yake acheze naye.

"Mwana wanje, mwanangu, mimi nimechoka," mama alisema, lakini alikaa. Alipewa mamba wawili na askari mmoja. Lyse alichukua askari wawili na wenye taa sita, kwa kujaribu tu.

Mchezo haukuchukua muda. Taa ya kwanza ilimvuta mamba wa mama fundo moja, ya pili fundo jingine, ya tatu vilevile, mpaka mamba yule akajikuta peke yake katikati ya mikuki miwili, na hana ruhusa hata ya kuuma. Zamu iliyofuata akavutwa mamba wa pili. Askari wa mama akabaki kama mtu aliyesahauliwa mwaloni.

Mama aliangua kicheko. "Wee! Hawa wenye taa wanatumaliza! Kwani nyinyi hamjui taa inavyofanya kazi ziwani? Wavuvi hawapigi dagaa rungu. Wanawawashia taa, wanakuja wenyewe."

Lyse aliziangalia zile sanamu sita. Katika mji ambao kila nyumba inakula samaki waliovuliwa kwa taa, darasa zima lilikuwa limeipa taa bei ya bure.

"Uwaambie wenzako," mama alisema akinyanyuka. "Hiyo bei haifai."

"Ego, mama," Lyse alijibu. Ndiyo, mama.

Ijumaa ilipofika, Mwalimu Selestini alisimama mbele ya klabu akauliza, "Mpanga bei, kuna sanamu ya kubadilishiwa bei?"

Mshindi wa fainali ndiye angekwenda Ujiji kushindana na klabu za shule nyingine, na Lyse hakuwahi kuchaguliwa kwenda popote. Hakuwa na mbio za netiboli wala sauti ya kwaya. Hiki ndicho kitu pekee alichokiweza. Alitazama kucha zake zilizojaa udongo.

"Hakuna, mwalimu," alisema. "Zote ziko sawa."

Tangu siku hiyo alianza kushinda. Alimshinda Elikana, akawashinda wengine wote. Kila mara alificha wenye taa nyuma ya mawe mpaka dakika ya mwisho, ili watu wasione walichokuwa wakifanya. Waliposhangaa alisema ni bahati ya dadu.

Aliyeumia zaidi alikuwa Wema, rafiki yake waliyekaa dawati moja. Wema aliwapenda mamba na alikuwa na akili ya mchezo. Wengine wote aliwashinda, lakini kila alipocheza na Lyse majeshi yake yaliyeyuka. Elikana akampachika jina la Mama Mamba.

"Mama Mamba, leo watoto wako wamekula nini? Wamekula mkuki!" alipiga kelele, na darasa likacheka.

Walipokuwa wakirudi nyumbani siku moja, Wema alisema, "Jana nilikaa mpaka dada akanifokea nizime taa. Nilikuwa najaribu kutafuta kosa langu. Silioni. Labda kichwa changu ni kizito tu."

"Usiseme hivyo," Lyse alimjibu.

"Wewe unafanyaje? Nifundishe."

Lyse aliipisha bodaboda iliyokuwa ikipita, akajifanya hakusikia. Usiku huo aliacha nusu ya ugali wake wa muhogo na samaki aina ya mgebuka. Mama alipomuuliza kama aliwaambia wenzake kuhusu zile taa, alisema, "Nimewaambia. Tumeshabadilisha." Ulikuwa uongo wa pili, nao ulitoka kwa urahisi kuliko wa kwanza. Hilo ndilo lililomtisha.

Fainali ilimkutanisha na Wema. Darasa lilijaa mpaka madirishani. Katika mchezo wa kwanza Lyse alishinda kama kawaida, na Wema akaziokota sanamu zake moja moja. Elikana alikuwa ameshaanza kumwimbia Wema jina la Mama Mamba. Ndipo Mwalimu Selestini alipoinua mkono.

"Kwenye mpira, kipindi cha pili timu hubadilishana magoli, ili kila timu ipigwe na jua kwa zamu yake," alisema. "Leo na sisi tutabadilishana majeshi. Lyse achukue mamba wa Wema, Wema achukue jeshi la Lyse. Tuone."

Lyse aliweka mkono juu ya sanamu zake. "Mwalimu, hatukupanga hivyo."

"Kama bei ziko sawa, una hofu gani?"

Lyse akakaa upande wa pili wa meza, akapanga mamba wawili na askari mmoja.

Wema hakuijua ile mbinu. Aliinua taa moja, akapima kwa uzi. Akainua ya pili. Akawaangalia wenye taa wote sita kana kwamba ndio kwanza anawaona. Kisha akaanza kuvuta. Mamba wa Lyse alitoka kwenye kundi lake fundo kwa fundo. Lyse alijua njia zote za kujiokoa ambazo Wema alizijaribu siku zile zote, na alijua kwamba hakuna hata moja inayofaa. Jeshi lake lilikwisha upesi kuliko mchezo wowote wa msimu ule.

Elikana akaropoka, "Kumbe siyo mchezaji, ni jeshi! Hao wa taa bei yao siyo mbili, hata kidogo!"

"Lyse alikuwa anajua!" mwingine akadakia. "Ndiyo maana anawachukua sita kila siku!"

"Mwacheni!" Wema alisimama mbele ya meza, uso wake umewaka. "Lyse ndiye mpanga bei wetu. Angejua angesema. Namjua mimi. Amekosea kama sisi sote tulivyokosea."

Ingekuwa nafuu kama Wema angemzaba kofi. Lyse aliona masikio yake yanawaka moto. Mlango wa kutokea ulikuwa umefunguliwa wazi kabisa: angeitikia tu kwa kichwa, na yote yangekwisha. Angeitwa mwenye bahati mbaya, na Wema angeendelea kumtetea mpaka nyumbani.

"Lyse," Mwalimu Selestini alisema taratibu, "ulikuwa unajua?"

Alijikaza kisabuni, lakini sauti ilitoka nyembamba. "Nilikuwa najua, mwalimu."

"Tangu lini?"

"Tangu kabla ya ile Ijumaa uliponiuliza. Nilicheza na mama, tukaona. Mama alisema niwaambie. Nikanyamaza kwa sababu nilitaka kwenda Ujiji."

Hakuna aliyecheka, hata Elikana. Wema aligeuka polepole akamtazama.

"Nilipokuomba unifundishe," alisema, "ulikuwa unajua?"

"Ndiyo."

"Nilipokwambia kichwa changu ni kizito?"

Machozi ya Lyse yalidondokea kwenye sandarusi, upande wa ziwa. Wema alichukua mkoba wake akatoka, na mkanda uliolegea ukawa unagonga madawati njia nzima.

Mwalimu Selestini hakupiga kelele. Alisema fainali imefutwa, Wema ndiye atakayekwenda Ujiji, na Ijumaa ijayo bei zote zitapangwa upya mbele ya kila mtu. Lyse alirudi nyumbani peke yake, akamkuta mama akipepeta dagaa kwenye ungo.

"Shikamoo, mama. Nilikudanganya," alisema kabla hajaweka mkoba chini, akaeleza yote.

Mama hakuacha kupepeta. Alisema, "Kunidanganya mimi tutalizungumza. Kwanza nenda kwa huyo mtoto wa watu."

Lyse alikwenda. Wema alitoka, akamsikiliza akiwa ameegemea mlango, akasema, "Nimesikia." Hakumkaribisha ndani. Siku zilizofuata walikaa dawati moja kama watu waliopanda basi moja bila kufahamiana. Lyse alivumilia, maana alijua hana haki ya kudai zaidi.

Ijumaa alisimama mbele ya klabu nzima, akaonyesha mbinu yote, taa moja baada ya nyingine. Hakuficha kitu. Alipendekeza mwenye taa awe na bei ya tano.

"Hata kwa tano atasumbua," Elikana alisema, safari hii bila utani. "Mamba atafanyaje?"

Wema ndiye aliyejibu kutoka nyuma. "Baba mdogo ni mvuvi. Kukiwa na mbalamwezi hawaendi ziwani, kwa sababu taa haivuti dagaa. Tuweke mbalamwezi. Mwanzo wa kila zamu mtu arushe dadu. Ikitoka sita, mwezi umewaka, taa zote hazifanyi kazi."

Vidole viliinuka vyote kuunga mkono. Mwalimu alisema lazima sheria hiyo ijaribiwe kabla ya Ujiji, na kazi ya kujaribu ni ya mpanga bei.

"Bado ni mimi?" Lyse aliuliza kwa mshangao.

"Bado ni wewe. Lakini utajaribu pamoja na Wema, na kila mtakachokiona mtakisema hapa."

Wema alivuta kiti akakaa mbele yake. Hakutabasamu. "Niambie ukweli," alisema. "Jeshi langu lina udhaifu gani?"

"Mamba wako unawaweka mbali mbali mno," Lyse alisema. "Waweke wagusane."

Wema alifikiri, akawasogeza. "Hivi?"

"Hivyo."

Huko Ujiji Wema alishika nafasi ya tatu. Lyse alikwenda naye, si kama mchezaji, bali kubeba boksi la sanamu. Mwalimu wa shule nyingine aliposifu kwamba katika mchezo wao hakuna jeshi lisiloshindika, Wema alimnyooshea Lyse kidole akasema, "Bei amezipanga huyu." Lyse alitazama chini. Aibu ilikuwa haijaisha.

Walipokuwa wakikusanya vitu, Mwalimu Selestini aliliona hilo, akamwambia Lyse asimame karibu naye.

"Aibu hiyo usiikimbie," alisema. "Itakusaidia. Mchezaji akinyamaza kuhusu mbinu yake, hana kosa, huo ndio mchezo. Lakini wewe ulipewa kipimo ukishike kwa ajili ya wote. Mwenye kushika kipimo akinyamaza, anawaibia wenzake, na kibaya zaidi, anawaacha wajione wajinga kwa kosa ambalo si lao. Kesho utashika mzani sokoni, au kalamu ofisini, au dawa hospitalini. Ukiona kipimo kimepinda, sema siku hiyohiyo, hata kama kimepindia upande wako. Hasa kama kimepindia upande wako. Umenielewa?"

"Nimeelewa, mwalimu," Lyse alisema, na safari hii aliinua macho.