Mwenzi wa Nunzio Alhamisi Kuu

Saa tisa alasiri Addolorata alimfunga mdogo wake mshipi wa joho jeupe, akaukaza mpaka Nunzio akaguna.

"Taratibu, dada. Unataka kuniua?"

"Simama wima."

Alitaka, ndiyo. Miaka tisa alitaka. Mumewe Cosimo alizama kwenye ghuba ya Mar Piccolo akivuna kome na Nunzio, maiti haikuonekana, na huyu bwana akakimbilia Torino bila hata kukaa matanga. Leo karudi kwao Taranto, ati atembee toba, kisha ahamie nyumba ya mama kama vile hakukutokea kitu. Addolorata alitaka jibu moja tu: ulimfanya nini mume wangu?

"Mwenzangu nani?" Nunzio aliuliza. Watu wa toba hutembea kanisa hadi kanisa wawili wawili, peku, nyuso zimefunikwa, bega kwa bega. Hakuna kumwacha mwenzio mpaka kanisa la mwisho.

"Anakungoja kanisani."

Hakumwambia kwamba jana aliliacha joho la Cosimo kwenye benchi la kanisa, akalizungushia kamba ya kufugia kome, akamwita marehemu kwa jina. Hasira tu zile. Hata yeye hakuamini.

Lakini Nunzio alipotoka kanisani... walikuwa wawili.

Walikwenda hatua fupi fupi, wakiyumba kama ilivyo desturi. Addolorata akawafuata ubavuni. Kila jiwe alilokanyaga yule mwenzi lilibaki na maji. Harufu ya tope la bahari ikamjaa puani. Akatazama chini. Miguu ilikuwa myeupe, imekunjamana kama nguo iliyosahauliwa kwenye beseni. Kifundoni, alama ya kamba.

Hakuacha kuwafuata.

Jua lilikuwa linazama walipofika kanisa la mwisho. Hawakuingia. Wakakata kushoto, wakashika ngazi za kushukia majini. Watu wakawapisha kwa heshima, wakafanya ishara ya msalaba.

"Dada," Nunzio alinong'ona. "Ananisukuma. Mtoe."

"Sema kwanza."

"Niseme nini?"

Maji yakamfika kiunoni...

"Alinaswa na kamba." Sauti ilitetemeka ndani ya kitambaa. "Kisu nilikuwa nacho. Nilikaa mashuani nikamtazama. Nilitaka shamba la kome liwe langu peke yangu. Basi, nimesema. Nipe mkono, dada."

Angeweza. Alikuwa ngazi mbili tu juu yake, na ni mtoto wa mama yake. Addolorata akaificha mikono yote miwili chini ya shali.

"Asante," alisema.

Maji yakawafunika wote wawili.

Alirudi nyumbani moyo mwepesi, mara ya kwanza kwa miaka tisa. Akasukuma mlango. Nyayo za maji zilikuwa zimeshatangulia, za mtu mmoja, mpaka jikoni.

"Cosimo?"

Ikajibu sauti nzito, ya mtu mwenye maji kifuani. Ya mume? Ya ndugu? Hakuitambua.

"Na wewe ulitazama."

Mkono wa Addolorata ulikuwa kwenye swichi ya taa. Hakuthubutu kuibonyeza.