Dakika Alizoziongeza Rasha

Rasha alikuwa na kazi ambayo hakuna mwanafunzi mwengine wa darasa la sita aliyekuwa nayo pale mtaani Kiponda. Kila siku akirudi skuli alikula, akaosha vyombo bila ya kuhimizwa, kisha akapanda orofani chumbani kwa dada yake Kulthum, akakaa kitako na kuitazama saa ya ukutani. Ungemwona ungedhani anangoja mgeni.

Kulthum alikuwa mkubwa wake kwa miaka mingi. Alikuwa na shahada yake ya kwanza na kazi ofisini, na mwaka ule wa 2003 alikuwa amepania kusoma shahada ya pili ya biashara. Chuo kimoja cha ng'ambo kilikuwa tayari kumpokea na kumdhamini, ila kwa sharti moja: apate alama mia sita katika mtihani wa kuingilia. Mara ya kwanza alivuka kwenda Dar es Salaam kuufanya, akarudi na mia nne na themanini na macho mekundu. Si kwamba hakujua. Mtihani ule ulifanywa kwa kompyuta, na kompyuta haina huruma; muda ukiisha inafunga. Ilimfungia akiwa na maswali chungu nzima hajayagusa. Sasa alibakiwa na nafasi moja tu. Akikosa tena, udhamini utakwenda kwa mtu mwengine.

Kwa hiyo alichukua likizo, akajifungia na vitabu vya mazoezi. Alianza saa nane, na saa tisa na robo alitakiwa awe amemaliza, kabla ya adhana ya Alasiri. Saa yenyewe hakutaka kuiona, maana akiitazama alisahau hata anayoyajua. Aliipa mgongo, ya mkononi akaifungia katika droo, mtoto wa meza, na kazi ya kuangalia muda akamwachia Rasha.

"Ikifika robo we nambie 'wakati', basi," alimwambia. "Na usinionee huruma."

Rasha alimwonea huruma.

Siku za mwanzo zilikuwa chungu. Kila Rasha aliposema "wakati", Kulthum aliitupa kalamu, akashuka chini, akakaa peke yake. Mama yao, Bi Thuwaiba, alimpelekea chai na akarudi nayo ilivyo. Siku moja Rasha alimkuta dada yake amejifunika uso kwa mtandio, mabega yanamtikisika. Rasha hakuwahi kumwona dada yake akilia, naye moyo ulimuuma hata akashindwa kuingia.

Kesho yake robo ilipofika, Kulthum alikuwa amebakisha maswali machache. Rasha alifungua mdomo, kisha akaufunga. Alipanda taratibu juu ya kitanda cha samadari, akafungua kioo cha saa, akausukuma mshale nyuma kwa ncha ya kidole, ili dada yake akigeuka asigundue. Dada yake aliendelea kuandika. Alipomaliza swali la mwisho Rasha akasema, "Wakati!"

Kulthum alijisahihisha, akapiga hesabu ya alama, akaipiga tena, kisha akaruka.

"Mia sita, Rasha! Mia sita na ushei!"

Siku ile Rasha alitumwa urojo, bakuli la kila mtu, na nyumba iliyokuwa imepoa kama ya msiba ikajaa vicheko. Baba yao, Bwana Nasser, aliporudi kazini alisema sasa amemwona bintiye aliyemjua. Rasha alikula urojo wake kwa raha. Kabla ya magharibi alirudi chumbani akaurudisha mshale mahali pake, akajiambia kwamba hakuna aliyeumia.

Kuanzia hapo mshale ulirudi nyuma kila siku, na kila siku ulirudi zaidi kidogo. Kulthum alizidi kunawiri. Alama zilipanda, naye akaanza kuchagua nguo za safari.

Kitu kimoja ambacho Rasha hakuweza kukisukuma kwa kidole ni adhana. Mchana mmoja sauti ya Mzee Machano, muadhini wa msikiti wa mtaani, ilipanda wakati Kulthum bado yumo kazini. Kulthum aliinua kichwa.

"Alasiri hiyo? Mbona nna muda bado?" Aligeuka kuitazama saa. Ilikuwa ndiyo kwanza saa tisa na dakika chache.

Rasha alijisogeza kati yake na saa. "Mzee Machano anawahi siku hizi, dada," alisema. "Hata jana aliwahi."

Maneno yalimtoka kirahisi kuliko alivyotarajia. Usiku ule, wakati wa chakula, Kulthum aliyarudia mbele ya baba yake. Bwana Nasser aliacha kula. Yeye alikuwa katika kamati ya msikiti, na Alasiri humkuta kazini bandarini, kwa hiyo adhana ile hakuwa akiisikia mwenyewe. Alimjua bintiye si mtu wa porojo.

"Akiadhini kabla ya wakati, kina mama majumbani watasali kabla ya wakati," alisema. "Hili si jambo la kunyamaziwa."

Rasha alikitazama kisahani chake. Samaki, kitoweo alichokipenda, alimwacha vile vile.

Siku mbili baadaye alimsikia baba yake akizungumza na mama jikoni. Wazee wengine wa kamati walikataa kabisa, walisema saa zao na adhana hazipishani. Lakini Mzee Machano mwenyewe alisimama akasema, ikiwa kuna nyumba yenye shaka naye, ni bora apumzike kuliko kubeba sala za watu.

"Kasema hivyo, kisha kavaa makubazi yake kaondoka," alisema Bwana Nasser. "Miaka yote ile, Thuwaiba. Nimeona haya."

Mchana wa siku hiyo Rasha alikaa mbele ya saa kama kawaida. Mshale alikwisha kuusukuma. Kulthum alikuwa ameinamia karatasi, na safari ya Dar es Salaam ilikuwa imebaki wiki tatu. Hapo adhana ikaanza. Ilikuwa sauti ya kijana, nyembamba, inayokwenda mbio, na ilianza wakati ule ule aliokuwa akianza Mzee Machano.

Rasha aliangua kilio.

"Una nini?" Kulthum alishtuka.

"Si yeye, dada. Mzee Machano hakuwahi. Saa hiyo ni ya uongo. Mimi nnairudisha nyuma."

Kulthum alimtazama kama hajamfahamu. Kisha alivuta mtoto wa meza, akaitoa saa yake ya mkononi, akaiweka mbele ya ile ya ukutani. Zilipishana karibu nusu saa. Aliketi chini polepole.

"Kwa hivyo zile alama..."

"Nilikuongezea muda. Nilitaka ufurahi."

"Hukuniongezea, Rasha. Umeniibia," alisema Kulthum, na sauti yake ilikuwa ndogo sana. "Wiki zote hizi nnadhani nnapanda, kumbe nimekaa pale pale. Ningekwenda Dar na uongo wako kichwani. Toka. Toka chumbani mwangu."

Hakuna kofi ambalo lingemuuma Rasha zaidi. Alishuka ngazi akilia hadi jikoni, akamweleza mama yake kila kitu. Bi Thuwaiba hakupiga kelele. Alijitanda buibui lake, akamshika bintiye mkono.

"Twende."

Mzee Machano walimkuta kibarazani kwake, juu ya mkeka, hana la kufanya. Rasha alimwamkia, "Shikamoo, babu," akaitikiwa, "Marahaba, mjukuu wangu," na hapo akakwama. Mama yake hakumsaidia. Ilimbidi aseme mwenyewe, neno baada ya neno, mpaka mwisho.

Mzee alimsogezea nafasi mkekani. "Usiku wa kuamkia leo nimelala nikijiuliza kama masikio yangu na macho yangu yamenisaliti," alisema. "Mtu mzima kujitilia shaka ni jambo zito, mjukuu wangu. Nimekusamehe. Lakini yale uliyoyasema nyumbani kwenu, yaseme vile vile mbele ya baba yako, kwa mdomo ule ule."

Rasha aliyasema, na baba yake alimkasirikia vilivyostahiki. Jioni ile ile Bwana Nasser alikwenda kuwaomba radhi Mzee Machano na wenzake wa kamati, na mzee akakubali kurudi kuadhini.

Kulthum aliendelea kujifungia peke yake, na saa ya kengele mezani. Alama zilianguka, zikawa chini ya mia tano. Siku ya tatu mlango ulifunguka.

"Rasha!"

"Naam, dada."

"Umenitazama siku zote hizi. Nambie kweli, muda wangu unakwenda wapi?"

Rasha aliogopa, lakini alisema. "Unang'ang'ania, dada. Swali likikushinda huliachi. Unafuta, unaandika, unafuta. Mara moja mshale ulikwenda dakika kumi wewe uko swali lile lile. Hayo ya mwisho, ukiyafikia, mengi unayajibu upesi."

Kulthum alitaka kukasirika, akacheka badala yake, kicheko kifupi. "Basi kaa hapo. Nikikawia swali moja, gonga meza."

Rasha aligonga meza mpaka vidole vikauma. Kulthum alinuna, alilalamika, mara moja alimrushia kifutio, lakini alijifunza kukisia jibu la swali gumu na kusonga mbele. Saa tisa na robo Rasha alisema "wakati", na kalamu ikawekwa chini. Alama hazikuruka. Zilipanda kidogo kidogo, na safari hii zilikuwa zake.

Siku ya mtihani nyumba ilikuwa kimya tangu asubuhi. Kulthum alirudi kwa boti ya jioni, akaingia ukumbini amechoka, hana cheko wala kilio, mpaka mama yake akashika kifua.

"Kompyuta imenipa mia sita na kumi," alisema Kulthum. "Na nimelifikia swali la mwisho."

Bi Thuwaiba alipiga kigelegele mpaka majirani wakafungua madirisha. Rasha alisimama pembeni, hajui kama furaha ile inamhusu. Kulthum ndiye aliyemvuta na kumkumbatia.

Walipotulia, mama yao alimweka Rasha mbele yake.

"Ulimpenda dada yako, hilo sikukatalii," alisema. "Lakini uongo wako ulimfurahisha yeye kwa wiki chache, na ukamvunjia heshima mzee wa watu. Ukweli ulimliza, na ndio uliompeleka mbele. Ukimpenda mtu, mwambie pale alipofika, hata kama hajafika mbali. Umefahamu?"

"Nimefahamu, mama."

Hapo Mzee Machano akaadhini Isha, kwa sauti ile ile ya siku zote. Rasha aliitazama saa ya mkononi ya dada yake, akaona inapatana na adhana, kisha akaenda kutia udhu.