Nilimsingizia Mdogo Wangu kwa Dirisha Nililolitia Mwenyewe

Wasomaji wenzangu, mie ni mwanamke wa miaka sabini na tano. Masikio yamekuwa mazito na magoti hayanisaidii tena. Mengi nimeshayasahau... ila hili halijanitoka hata siku moja. Baba yangu hayupo, mume wangu hayupo, sina tena wa kumwogopa. Basi nisikilizeni.

Wakati huo nilikuwa na miaka ishirini na sita. Ilikuwa miaka ile ya kuhamia vijiji vya Ujamaa, na mume wangu, Baba Salma, alikuwa dereva wa lori la serikali. Alikaa safarini wiki mbili, tatu, akisomba watu na mizigo yao huko bara. Sie tulibaki Temeke, upande wa Tandika: mimi, watoto wawili, na mdogo wangu Zainabu.

Zainabu! Baba alimleta kwangu kutoka Kilwa asomee kupiga chapa. Alikuwa na miaka kumi na tisa. Vidole vyake vilikimbia juu ya mashine mpaka mwalimu akawaita wengine waje kutazama. Ofisi moja ilikwisha kumwahidi kazi akimaliza mtihani. Tena karani mmoja kijana, Idrisa, alikuwa anamtaka, naye Zainabu anamtaka. Furaha iliyoje!

Sebule yetu ilikuwa na kidirisha kidogo cha mbao, giza mchana kutwa. Baba Salma akabahatika kupata vioo, akamwita fundi apanue dirisha. Fundi mwenyewe, Mzee Nandonde, alikuwa mtu wa Newala, mpole, hana maneno mengi. Alivunja ukuta, akamimina linta, yaani ile boriti ya zege inayobeba ukuta juu ya dirisha. Chini yake akasimamisha nguzo mbili za miti. Kesho yake akapata simu ya maandishi kuwa mama yake mgonjwa.

"Mama Salma," akaniambia, "kwa sasa zinazobeba ukuta ni hizi nguzo, si zege. Saruji tumeibania, unajua ilivyo adimu. Asiguse mtu mpaka nirudi wiki ya tatu."

Baba Salma naye kabla ya kupanda lori lake akanionyesha kidole. "Hata wewe, usiguse!"

Siku ya nne ikaja habari: wazee wa Idrisa wanaleta barua ya posa Jumapili. Moyo ukanilipuka kwa furaha, halafu nikatazama tundu la dirisha tulivyoliziba... Gunia! Wakwe wa mdogo wangu wapokelewe kwenye sebule yenye gunia? Fremu imelala barazani, vioo vimefungwa kwenye magazeti, nyundo ipo, misumari ipo. Nikajiuliza, fundi ana nini nisichokuwa nacho mie? Si nimemtazama siku zote akifanya?

Zainabu akasita. "Dada, si fundi kasema tusiguse?"

"Fundi ndiye anayeolewa?" nikamjibu.

Akacheka, akajifunga kanga kiunoni. Alikuwa mtoto mtiifu. Ndivyo alivyokuwa, wasomaji, mtiifu!

Jumamosi asubuhi tukaanza. Fremu ilikataa kuingia kwa ajili ya zile nguzo. Nikaigonga ya kwanza, ikatoka. Hakuna kilichotokea! Nikajiona fundi kweli. Tukainua fremu, Zainabu akaishika kwa ndani, mikono yote miwili juu. Mie nikiwa nje nikaipiga nguzo ya pili...

Ukuta haukutoa hata mlio mkubwa. Ulishuka tu, kama mtu aliyechoka kusimama. Vumbi likajaa, nisione kitu. Ndipo nikasikia: "Dada, mkono! Mkono wangu!"

Majirani, waliofika ukuta umeshashuka, waliondoa zege kwa mitaimbo na miti. Hospitali walijitahidi, lakini vidole vinne vya mkono wake wa kulia vilikatwa. Vinne!

Baba Salma alipata habari njiani akarudi siku ya tatu, akaja hospitali na vumbi lake la safari. Alinikuta mlangoni mwa wodi. Hata salamu hakutoa.

"Nani kagonga zile nguzo?"

Wenzangu, talaka mbili alikuwa ameshanipa katika hasira zake, akanirejea. Iliyobaki ilikuwa moja tu. Niliwaona wanangu wakilelewa na mwanamke mwingine. Ulimi ukatangulia akili.

"Zainabu," nikasema. "Mie nilikuwa sokoni."

Akaingia wodini, nami nyuma yake. "Zainabu, ni wewe?"

Zainabu akanitazama. Akanitazama mpaka nikainamisha kichwa. "Ni mimi, shemeji. Nisamehe."

Wiki ile ile shangazi yake Idrisa akaja kutupa pole. Alikaa mkekani kwa heshima, akaongea taratibu. "Mama Salma, mkono ni kudra ya Mungu, tungempokea vivyo hivyo. Lakini binti aliyekatazwa na wakubwa zake, dada yake katoka kidogo tu sokoni, akafanya... mwanangu, huyo atatutunzia nyumba?"

Mnasikia? Si mkono uliomkosesha mume. Ni uongo wangu! Neno moja tu lingetosha. Nami nilifanya nini? Nilimwongezea chai.

Mzee Nandonde aliporudi alikagua kifusi. Tulipobaki wawili akaniambia, "Nguzo hii imepigwa kutoka nje. Na mtoto aliumia akiwa ndani." Nikajitia kufagia vumbi. Akakusanya vifaa vyake akaondoka, hata maji hakunywa.

Baba akaandika barua, Zainabu arudi Kilwa. Alimpokea kwa maneno makali: nilikupeleka ukasome, umejifunza ukaidi. Yule aliyekuwa akae ofisini akawa analima mihogo kwa mkono wa kushoto. Baadaye akaozwa kwa mzee mmoja, mke wa tatu. Hakulalamika kwa mtu yeyote.

Miaka ikapita, Baba Salma akatangulia mbele ya haki. Baba akaugua, nikaenda Kilwa nikiwa nimeapa kusema. Nikakaa kando ya kitanda chake siku tatu. Kila siku nikajiambia kesho... Siku ya nne alfajiri akauliza, "Yule mkaidi wangu yuko wapi?" Zainabu alikuwa hapo hapo, amemshika miguu. Baba akafa na neno hilo.

Baada ya maziko nilimfuata Zainabu uani, akifua. Nikamwambia kwa machozi kwamba leo nitasimama mbele ya ukoo wote niseme ukweli.

Hakuinua uso. "Mie nilikuwa nangoja umwambie baba, dada. Hawa wengine sina haja nao." Akaendelea kukamua nguo kwa ule mkono.

Nilisema hata hivyo. Watu waliguna, wengine wakalia, wakatawanyika. Zainabu hunipikia nikienda kwake, hunisalimia vizuri. Kwangu hajalala tena.

Ndugu zangu, kazi ya fundi mwachieni fundi. Akikwambia ngoja, ngoja, hata kama wageni wako mlangoni! Gunia dirishani halijamvunjia mtu heshima. Na wewe uliyemsingizia mwenzio, usiishie kusema masikini bibi huyu. Inuka ukaseme leo, maadamu anayepaswa kusikia bado ana masikio.